6G: jina limetangulia, mtandao bado unatengenezwa

Herufi G katika 6G inasimamia kizazi: hiki ni kizazi cha sita cha mitandao ya simu za mkononi. Haipimi kasi, haihesabu gigabaiti wala gigahezi.

Dhana: Boksi la simu lina namba 6, kwa hiyo simu hiyo ina 6G.

"6 GB" ni ukubwa wa kumbukumbu. Wi-Fi 6 ni toleo la Wi-Fi linalojulikana kitaalamu kama 802.11ax, linaunganisha simu na ruta, si na mnara. Hata jina la Wi-Fi linaloishia na "5G" kwa kawaida humaanisha ruta inarusha mawimbi ya gigahezi 5. Kwa uhakika, soma sifa za simu upande wa mtandao: bendi (mafungu ya masafa ya mawimbi) za 4G huandikwa LTE na herufi B, mfano B3, za 5G huandikwa NR na herufi n, mfano n78. Bendi ya 6G huwezi kuikuta hapo, maana viwango vyake havijakamilika.

Dhana: Majaribio ya 6G yakitangazwa, mtandao uko tayari.

Kinachojaribiwa maabara ni vipande: antena, chipu, namna ya kupanga mawimbi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, uliidhinisha Novemba 2023 mwongozo wa malengo tu ya 6G, ambayo kwa jina rasmi la ITU ni IMT-2030. Viwango vyenyewe huandikwa na 3GPP, muungano wa mashirika ya viwango vya mawasiliano, na vya kwanza vya 6G vimepangwa kwenye Toleo la 21 la viwango vyake.

Tahadhari hii ina sababu. Mwaka 2008 ITU iliweka masharti ya 4G, yakiwemo gigabiti 1 kwa sekunde kwa mtumiaji aliyetulia. Kampuni ziliuza LTE ya awali kama 4G ingawa haikufika hapo, na Desemba 2010 ITU ikakubali jina hilo litumike. Biashara ilishinda kipimo, na 6G inaweza kupitia njia hiyohiyo.

Dhana: 6G ni mawimbi ya terahezi.

Terahezi (moja ni sawa na gigahezi 1,000) inafanyiwa utafiti, lakini mawimbi yake hufifia upesi na ukuta huyazuia. Kwa eneo pana, macho yako kwenye masafa ya kati, mfano gigahezi 7.125 hadi 8.4, yatakayojadiliwa katika mkutano wa dunia wa masafa wa 2027. Hata huko kuna gharama. Ukipanda kutoka gigahezi 3.5 hadi 7, antena zikiwa za aina ileile, nguvu inayopokelewa hewani hushuka hadi robo. Dawa yake ni kuongeza antena: urefu wa wimbi umepungua kutoka sentimita 8.6 hadi 4.3, hivyo eneo lilelile hubeba antena ndogo mara nne zaidi, na mwali huelekezwa kwa mtumiaji badala ya kumwagwa kila upande.

Dhana: 6G ikija, simu ya 5G itasasishwa tu, ama itazimika.

Yote mawili si kweli. GSM, yaani 2G, ilianza Finland mwaka 1991 na bado inahudumia nchi nyingi. Kusasisha programu nako hakutoshi: modemu, vikuza mawimbi na antena za simu hutengenezwa kwa bendi maalumu, na bendi mpya zinadai vifaa vipya.