Simu inayoandika unachosema: dhana potofu na ukweli

Dhana: Simu haijui Kiswahili.
Zamani ilikuwa kweli. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti, pamoja na Kiamhari. Wengi wanaolalamika wameacha kibodi kwenye Kiingereza, halafu wanashangaa "shikamoo" ikigeuzwa jina la Mjapani.

Dhana: Tamka neno mojamoja, polepole, ndipo itakusikia.
Huo ni ushauri wa miaka ya 1990. Dragon Dictate, programu ya kompyuta ya kuandika kwa sauti ya mwaka 1990, ilikulazimu utue baada ya kila neno. Mwaka 1997 ikaja Dragon NaturallySpeaking, ukaweza kuongea mfululizo. Programu za leo hukisia neno kwa kutazama majirani zake, kwa hiyo ukikatakata unazinyima msaada. Kwa Kiswahili ni balaa zaidi: vuta "ni-na-ku-subiri" uone utakavyoletewa vipandevipande. Sema sentensi nzima, ndipo utue.

Dhana: Ikikosea utaona tu.
Hapa ndipo yalinikuta. Mzee aliporuhusiwa, nikautumia ukoo ujumbe kwenye grupu huku nakimbilia daladala: "Baba alikuwa hospitali, sasa yuko nyumbani." Simu ikaandika "Baba alikufa hospitali", na maneno yaliyofuata yakamezwa na honi. Nikatuma bila kusoma. Sijapata hata siti, shangazi wa Tanga keshaanza kulia. Hakuna mstari mwekundu uliojitokeza, maana "alikufa" ni neno safi kabisa. Kidole kikiteleza huandika "alikiwa", jicho likashtuka. Mashine ikiteleza huandika neno lililonyooka, nawe unalipita.

Dhana: Inaokoa muda mara tatu.
Chanzo ni utafiti wa mwaka 2016 uliowashirikisha watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: kusema kulikuwa na kasi ya takriban mara 3 ya kuchapa kwenye simu, lakini kwa Kiingereza na Kichina. Kwetu nukta na mkato mara nyingi utaweka mwenyewe, na majina ya vijiji ndiyo huyaboronga kabisa. Mimi naitumia kwa rasimu tu, na huko kweli inakimbia.

Dhana: Ni ya wavivu.
Muulize asiyeona, au anayeumwa vifundo vya mikono. Jirani yangu fundi cherehani huwajibu wateja hivyo, mikono ikiwa kwenye kitambaa. Vipimo tu ndivyo anavyoviandika kwa kidole.