Hasira jukwaani huwa uchochezi wa vurugu wakati gani?

Mtu amesimama mbele ya umati, mishipa ya shingo imemtoka, anasema viongozi ni wezi na siku yao inakuja. Nusu ya wanaomsikiliza watapiga makofi, nusu nyingine watasema huyu anachochea, akamatwe. Kisheria bado hakuna lililojulikana. Ukali wa sauti, matusi, hata kumwombea mtu mabaya hadharani, mara nyingi havitoshi kumtia mtu hatiani kwa kuchochea vurugu. Mahakama hutafuta kamba inayounganisha neno na tendo. Je, msemaji alikusudia watu wafanye vurugu? Je, waliomsikia walikuwa tayari kuzifanya, na walikuwa na nafasi ya kuzifanya?

Kipimo kinachonukuliwa sana kinatoka Marekani, na kilizaliwa katika kesi ya mtu ambaye wengi wetu tusingemwombea ushindi. Clarence Brandenburg alikuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la weupe wabaguzi, katika jimbo la Ohio. Mwaka 1964 kamera ya televisheni ilimrekodi kwenye mkutano ambapo msalaba ulichomwa moto na baadhi ya waliohudhuria walibeba silaha. Alisema kwamba kama rais, Bunge na mahakama wataendelea kuwakandamiza watu weupe, huenda kisasi kikahitajika. Alipigwa faini na kuhukumiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 10. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta hukumu. Ilisema dola haiwezi kumwadhibu mtu kwa sababu tu ametetea matumizi ya nguvu. Lazima maneno yake yawe yamelenga kuleta uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na yawe yanaelekea kweli kuuleta.

Soma tena alichosema: "kama", "huenda". Ni chuki tupu, lakini hakumwelekeza mtu yeyote aende mahali fulani akafanye jambo fulani.

Suala la wakati lilijitokeza tena baada ya miaka michache. Mwezi Mei 1970 polisi walikuwa wakiwaondoa barabarani waandamanaji wa kupinga vita katika Chuo Kikuu cha Indiana. Gregory Hess akasikika akisema, tusi likiwa katikati ya sentensi, kwamba barabara wataichukua baadaye. Alitiwa hatiani kwa kuvuruga amani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ilimwachia, kwa kuwa hata maneno hayo yakichukuliwa kwa ubaya wake wote, yalihusu uvunjaji wa sheria wa siku isiyojulikana, na hayakuelekezwa kwa mtu wala kundi mahususi.

Kesi inayonisumbua zaidi ni ya Charles Evers. Mwaka 1966, katika mji wa Port Gibson, Mississippi, weusi walianza kugomea maduka ya wafanyabiashara weupe. Mwaka 1969 Evers, aliyekuwa kiongozi wa chama cha haki za weusi cha NAACP, aliwaambia watu wake kwamba watakaokamatwa wakiingia kwenye maduka ya wabaguzi watavunjwa shingo. Hapo hakuna "huenda". Wenye maduka walidai fidia, na shauri likafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1982 iliamua kwamba Evers hawajibiki. Hotuba ilikuwa ndefu, kwa sehemu kubwa ilihimiza umoja, na matukio ya vurugu yaliyothibitishwa yalikuwa ya 1966, wala hakuna lililothibitishwa kufuata hotuba hiyo. Majaji walikiri kwamba kama vurugu zingefuata mara moja, suala lingekuwa jingine. Mimi naelewa mantiki yao, lakini naona pia kwamba mteja mweusi aliyekuwa amekaa kwenye kiti siku ile, akijua kesho atahitaji kununua kitu, hakuisikia sentensi ile kama tamathali ya usemi.

Nchi nyingi hazikwenda mbali kiasi hicho katika kumlinda msemaji. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 20, unazitaka nchi zipige marufuku utetezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini ambao ni uchochezi wa ubaguzi, uhasama au vurugu. Angalia upana wake: vurugu ni tawi moja tu kati ya matatu. Marekani iliporidhia mkataba huo iliweka sharti kwamba ibara hiyo haitailazimisha kuzuia hotuba zinazolindwa na katiba yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye ibara ya 33, inatenganisha uchochezi wa vurugu na kauli za chuki, vyote viwili vikiwa nje ya uhuru wa kujieleza. Kutenganisha huko kuna maana. Kauli inaweza kuwa ya chuki bila kumtuma mtu yeyote kupiga, na inaweza kumtuma mtu kupiga bila kugusa kabila wala dini ya mtu.

Ili upana huo usigeuzwe kuwa fimbo ya kuwachapia wapinzani, wataalamu walioitwa na Umoja wa Mataifa walikubaliana mwaka 2012 kuhusu kile kinachoitwa Mpango wa Rabat. Unataka hakimu atazame mazingira ya kijamii na kisiasa, nafasi ya msemaji mbele ya wasikilizaji wake, nia yake, maneno yenyewe na umbo lake, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Katika hayo yote, kwangu nafasi ya msemaji ndiyo inayosahauliwa haraka. Mlevi akipiga kelele kituo cha basi kwamba fulani wachomwe, watu hucheka na kuondoka. Maneno hayohayo yakitoka kwa mtu ambaye vijana wamezoea kutii amri zake, yanabadilika.

Hilo lilionekana wazi Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba. Tarehe 19 Aprili 1994 alizungumza na watu zaidi ya 100 waliokusanyika penye maiti ya kijana wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, akawahimiza waungane kummaliza adui mmoja, yaani washirika wa Inkotanyi, jina la wapiganaji waasi wa RPF. Utetezi ulikuwa na hoja, kwani sentensi hiyo haikuwataja Watutsi. Mwaka 1998 majaji waliamua kwamba uwazi wa uchochezi hupimwa kwa lugha na utamaduni wa wasikilizaji. Waliokuwapo walielewa ni nani anayesemwa, Akayesu alijua kwamba wataelewa hivyo, na mauaji yakaenea Taba. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo fumbo halimfichi mtu ikiwa mafundi wa kulifumbua ndio haohao waliokuwa wakiambiwa.

Mwanamuziki Simon Bikindi alifikishwa mbele ya mahakama hiyohiyo. Nyimbo zake zilijadiliwa kwa muda mrefu, na majaji waliona kwamba zilitumika kuchochea chuki. Lakini kilichomfunga, mwaka 2008, ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti kutoka kwenye gari, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove mwishoni mwa Juni 1994, akitaka Watutsi wamalizwe. Alipewa miaka 15. Rufaa ya kesi ya vyombo vya habari, mwaka 2007, ilichora mstari huohuo: matangazo ya redio RTLM ya baada ya 6 Aprili 1994 yalihesabiwa kuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, lakini yale ya kabla yake, pamoja na sumu yake yote, hayakuthibitishwa kufikia kiwango hicho.

Je, ni lazima vurugu zitokee kweli? Kwa kawaida hapana. Uchochezi ni kosa linalokamilika neno linapotoka. Mwaka 1801 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Higgins, ilisema kumshawishi mtumishi amwibie bwana wake ni kosa hata kama mtumishi hakuiba. Mkataba wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari nao unaadhibu uchochezi kama kosa la kujitegemea. Hata hivyo, yaliyofuata hotuba huwa ushahidi wa nguvu wa jinsi ilivyoeleweka.

Kinyume chake pia ni kweli: vurugu kutokea hakumfanyi msemaji kuwa mchochezi. Mwaka 1882, katika shauri la Beatty na Gillbanks, Jeshi la Wokovu lilikuwa likiandamana Weston-super-Mare huku kundi la wapinzani likiwashambulia. Polisi wakawakamata wanamaandamano. Mahakama ikakataa: mtu anayefanya jambo halali hawi na hatia kwa sababu tu anajua wengine watakasirika na kufanya fujo. Polisi wengi, nadhani, hawajawahi kuambiwa habari ya shauri hili.

Kuna pia kosa la uchochezi dhidi ya serikali, ambalo ni mnyama mwingine kabisa ingawa magazeti huyaita yote mawili "uchochezi". Hilo linahusu kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe. Mwandishi I. T. A. Wallace-Johnson alishtakiwa Gold Coast, Ghana ya leo, kwa makala ya mwaka 1936, akapeleka rufaa hadi London akidai kwamba hakuwahimiza watu kufanya vurugu. Aliambiwa kwamba chini ya sheria ile ya kikoloni vurugu hazikuwa za lazima. Mahakama ya Juu ya India ilikwenda njia tofauti mwaka 1962, ikaibana sheria yake ya aina hiyo iguse tu maneno yenye mwelekeo wa kuleta vurugu au kuvuruga utulivu wa umma. Kenya ilifuta kosa hilo mwaka 1997, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalibatilisha mwaka 2010.

Linabaki suala la anayerudia maneno ya mwingine. Mwaka 1994 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki mwandishi wa habari wa Denmark, Jens Olaf Jersild, aliyetiwa hatiani nchini kwake kwa kurusha mahojiano na vijana wabaguzi. Lengo lake lilikuwa kuwafichua, na kipindi kizima kilionyesha hivyo. Kwa kipimo hichohicho, anayesambaza klipu ya hotuba kali ili kuonya hasimami pamoja na yule anayeisambaza akiongeza jina la mtaa na saa ya kukutana. Ndiyo maana wakili mzuri wa utetezi, akiletewa klipu ya sekunde 20, kwanza huomba rekodi nzima, kisha huuliza ilitumwa na nani, kwa nani, na ikiwa na maelezo gani.