Meteor Ilikuwa Vitani Kabla ya 1945
Wengi huamini kwamba katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni Ujerumani pekee iliyotumia ndege za kivita za jeti. Si kweli. Gloster Meteor ya Uingereza ilipokewa na Kikosi cha 616 cha jeshi la anga la nchi hiyo Julai 1944, wakati uleule Me 262, ndege ya kivita ya jeti ya Ujerumani, ilipokuwa ikianza mapigano. Tarehe 4 Agosti 1944 rubani Dean, baada ya mizinga yake kukwama, alisogeza bawa lake chini ya bawa la bomu la kuruka V-1 la Ujerumani na kulipindua, likaanguka mashambani.

Dhana hiyo imekua, naamini, kwa sababu Meteor haikuwahi kupambana na Me 262: ilipopelekwa Ubelgiji mapema 1945, marubani walikatazwa mwanzoni kuvuka mstari wa mbele, isije ndege ikaanguka na siri za injini yake zikatekwa. Hiyo ilikuwa tahadhari ya haki, wala haithibitishi udhaifu wowote. Udhaifu ulidhihirika katika Vita vya Korea mwaka 1951, Kikosi cha 77 cha Australia, kilichorusha Meteor, kilipozidiwa na MiG-15, ndege za jeti za Kisovieti zenye mabawa yaliyolala nyuma, hata kikahamishiwa zaidi mashambulizi ya ardhini.