Tahadhari kwa Waokotaji wa Makombe: Konokono Mwenye Gamba la Umbo la Pia

Kila maji ya bamvua yanapokupwa na mwamba kubaki wazi, kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni, Dar es Salaam, waokotaji wa makombe huwa wengi, na pamoja nao huongezeka wanaombeba mfukoni konokono mwenye gamba la umbo la pia kwa sababu tu ya uzuri wake. Wa kuogopwa zaidi katika jamii hiyo ni Conus geographus, anayeishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Gamba lake hufikia takriban sentimita 15, ni jepesi, lina mdomo mpana na michoro ya kahawia juu ya weupe. Mchana hujificha, usiku huwinda samaki. Hupanua kinywa akamfunika samaki aliyelala, huku akiachia sumu yenye aina ya insulini inayoshusha sukari ya samaki huyo mpaka alegee, kisha humchoma kwa jino lililo mfano wa chusa, lenye uwazi ndani wa kupitishia sumu. Jino hilohilo limewahi kuua watu.

Bado tunaelezwa kwamba anayemshika upande wa nyuma hachomwi. Si kweli, na ingefaa hoja hii ifungwe: mrija unaobeba jino hurefuka na kupinda hadi kuufikia mkono ulioshika nyuma, na kitambaa cha mfuko hakizuii kitu.

Aliyechomwa huenda asisikie maumivu makali, akadhani yamekwisha. Hufuata ganzi, kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, na hatimaye misuli ya kupumulia kushindwa kazi, pengine ndani ya saa chache. Dawa ya kuzimua sumu hii haipo. Mgonjwa atulizwe, kiungo kilichochomwa kisitikiswe, awahishwe hospitali yenye mashine ya kupumulia, na pumzi ikikatika njiani apuliziwe hewa mdomoni bila kukoma, kwa kuwa sumu huisha nguvu na anayesaidiwa kupumua kwa wakati anaweza kupona kabisa. Kuchanja, kufyonza na kubandika jiwe la nyoka ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Kuhusu sheria, visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vilitengwa mwaka 1975, na sasa vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Kuokota kombe humo bila kibali, liwe na konokono au tupu, ni kosa linaloweza kumfikisha mhusika mahakamani, na risiti ya kiingilio, ambayo baadhi ya wageni hutuonyesha kwa kujiamini sana, si kibali cha kuokota. Nje ya maeneo hayo, anayekusanya makombe kwa biashara aanzie kwa afisa uvuvi wa halmashauri yake ili aelekezwe kuhusu leseni kabla ya kuokota, si baada ya kukamatwa na mzigo.

Aliyekwisha kumtia konokono huyu kwenye ndoo asiingize mkono kumtoa. Aiinamishe ndoo taratibu palepale mwambani, maji yamchukue.