Si kila kizunguzungu ni presha

Mama mmoja aliingia kliniki ameshikwa mkono na bintiye. "Daktari, presha imenipanda tena." Nikampima: 124 kwa 78, presha ya kawaida. Ndipo nikamuuliza, "Kizunguzungu kinakuanza ukifanya nini, mama, na kinakaa muda gani?"

"Nikijigeuza kitandani upande wa kulia. Nyumba yote inazunguka. Nafumba macho, dakika haiishi, kimetulia."

Jibu hilo lilinipeleka moja kwa moja sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji, inayouarifu ubongo kichwa kinageukia wapi. Karibu nayo kuna vichembe vya chokaa, vidogo mno. Umri ukisogea, au kichwa kikigongwa, vichembe hubanduka vikaingia mferejini. Ukijigeuza, vinayasukuma majimaji, na ubongo unaambiwa unazunguka ilhali umelala.

Nilimgeuza kichwa nyuzi 45, nikamlaza chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni mwa kitanda. Sekunde chache tu, macho yakaanza kuchezacheza. Hicho ndicho kipimo cha Dix na Hallpike, cha tangu 1952. Kisha nikamgeuza hatua kwa hatua kwa mbinu ya daktari Mmarekani John Epley, ili vichembe virudi vilikotoka. Hatukutumia kidonge hata kimoja.

Kilichoniuma ni kwamba miezi miwili alikuwa akimeza dawa za presha za jirani. Zilikuwa zimemzushia kizunguzungu cha pili: akisimama ghafla, presha inashuka, macho yanaingia giza.

Kizunguzungu cha saa kadhaa, sikio likivuma na kuziba, hunifanya nifikirie ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière. Kikikaa siku nzima au zaidi baada ya mafua, huenda neva ya sikio imevimba. Na yule anayehisi wepesi wa kichwa bila kuzungukwa, moyo ukimwenda mbio akipanda ngazi, nampima damu kwanza. Wanawake wengi wenye hedhi nzito hupungukiwa damu bila kujua. Sindano za antibiotiki kama jentamaisini na streptomaisini nazo zinaweza kuharibu sikio la ndani.

Lakini kizunguzungu cha ghafla kikija na ulimi mzito, mdomo kwenda upande, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kutembea, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke.

Kwa mengine yote, ukija kliniki, njoo na kila kidonge unachomeza, hata cha kuazima. Sitakugombeza.