Uuguzi wa utengamao kwa mgonjwa wa kiharusi ni nini?

Uuguzi wa utengamao ni uuguzi unaomsaidia mgonjwa kurudisha uwezo alioupoteza, na pale usiporudi, kuzoea njia nyingine ya kujitegemea. Kwa aliyepata kiharusi, kazi hiyo huanza hali yake inapotulia tu, angali wodini, na huendelea hadi nyumbani.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Seli zilizokufa hazifufuki, ila sehemu zilizo hai zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, na zinajifunza kwa kurudiarudia tendo lile lile. Ndiyo maana nafasi ya muuguzi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtaalamu wa fiziotherapia huja, hufanya mazoezi na mgonjwa, kisha huondoka. Muuguzi yupo mgonjwa anapoamka, anapooga, anapokula, anapotaka kwenda msalani usiku wa manane, na kila tendo hilo hulifanya kuwa zoezi.

Chukua kuvaa shati. Kumvalisha ni dakika moja. Muuguzi wa utengamao humwacha ajivalishe: mkono dhaifu huingia kwanza, wenye nguvu hufuata, kuvua ni kinyume chake. Yaweza kuchukua robo saa. Ndugu wanaotazama huona mgonjwa wao anateswa, na huruma yao ni ya kweli, lakini anayefanyiwa hata yale anayoyaweza hunyimwa mazoezi anayoyahitaji kuliko yote.

Sehemu nyingine ya kazi ni kuzuia madhara. Mgonjwa hapewi chakula, maji wala vidonge kabla ya kupimwa kama anameza salama, kwa kuwa misuli ya koo ikilegea hupaliwa, na kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Wapo wanaopaliwa bila hata kukohoa, na hao ndio wa kuogopewa zaidi. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia. Mkono uliopooza hauvutwi kamwe wakati wa kumnyanyua, maana misuli inayoshikilia bega imelegea na kiungo huteguka kwa urahisi. Akikaa, mkono huo huwekewa mto chini yake.

Pupa nayo hudhuru. Utafiti wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuanza kumnyanyua mgonjwa na kumtembeza kwa wingi ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Huanzwa kidogo kidogo.

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi usemi hupotea. Si kwamba akili imeondoka. Muuguzi huuliza swali fupi la ndiyo au hapana, kisha husubiri, na hawaruhusu watu wamzungumzie mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo. Takriban theluthi moja ya walionusurika hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Akikataa mazoezi, huenda ndiyo sababu, na hilo hutibiwa. Kumwita mvivu ni kumwonea.

Kabla ya kuruhusiwa, atakayemtunza nyumbani hufundishwa kwa vitendo: kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini, kumlisha akiwa ameketi wima, kuhakikisha hakosi dawa za presha, na kumkimbiza hospitali mara mdomo unapokwenda upande, mkono unapoishiwa nguvu au maneno yanapovurugika ghafla.