Kikohozi Kisichosikia Dawa za TB: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Nokadia

Mtu anayeishi na VVU akikohoa kwa wiki kadhaa, akatokwa na jasho usiku na kupungua mwili, kila amwonaye humdhania kifua kikuu, na mara nyingi hakosei. Shida imo katika hiyo “mara nyingi”. Katika udongo, majani yaliyooza na maji wamo bakteria waitwao nokadia, ambao huvutwa pamoja na vumbi na kuleta dalili zile zile, hata matundu yale yale katika picha ya eksirei ya mapafu.

Dhana ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kwamba vimelea vyekundu vikionekana kwenye darubini basi ni TB. Makohozi hupakwa rangi nyekundu, kisha huoshwa kwa asidi. Vimelea vya TB haviachii rangi hiyo kwa sababu ukuta wao una nta nyingi, ilhali nokadia huishika nusunusu tu: asidi ikiwa kali, wekundu hufutika na mgonjwa akaambiwa hana kitu, ikiwa hafifu, hubaki, na mgonjwa akaanzishiwa dawa za TB zisizomhusu. Mtaalamu wa maabara asiye na haraka anaweza kutofautisha, kwani TB huonekana kama vijiti, lakini nokadia ni nyuzi nyembamba zenye matawi, na wekundu wake umekatikakatika kama shanga zilizotungwa. Kipimo cha GeneXpert hakichanganyi wawili hawa, ila kwa kuwa hutafuta vinasaba vya TB peke yake, jibu la kwamba TB haikuonekana halimaanishi kwamba mapafu ni salama.

Matawi hayo ndiyo yaliyozaa dhana nyingine, kwamba nokadia ni fangasi. Ni bakteria, na dawa za fangasi hazimgusi. Jina lake limetokana na Edmond Nocard, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliyemweleza mwaka 1888 baada ya kumpata kwa ng'ombe wa kisiwa cha Guadeloupe.

Wengi pia huamini kwamba makohozi yakioteshwa kwenye visahani vya maabara na jibu likaandikwa kuwa hakuna kilichoota, suala limekwisha. Bakteria wengi wa kawaida huota ndani ya siku moja au mbili, na visahani vyao hutupwa baada ya hapo. Nokadia huota polepole, pengine kwa wiki mbili au zaidi, ndipo yatokee madoa meupe makavu kama unga wa chaki. Kwa hiyo daktari anayemshuku hana budi kuandika hivyo kwenye fomu ya kipimo, ili visahani visitupwe mapema. Ni mstari mmoja tu wa kalamu, na mara nyingi huo ndio unaokosekana.

Je, ni ugonjwa wa wenye VVU tu? Hapana, ingawa kwao hujitokeza zaidi CD4, yaani chembe za kinga zinazohesabiwa katika damu, zinapokuwa chini ya 100. Huwapata pia waliopandikizwa figo, wenye saratani, na wanaomeza prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kwa muda mrefu, wakiwamo wale wanaojinunulia wenyewe dukani. Tena takribani theluthi moja ya wagonjwa hawana upungufu wa kinga unaojulikana. Hofu inayowafanya watu wamtengee mgonjwa vyombo haina msingi, kwani kwa kawaida hauambukizwi kati ya mtu na mtu.

Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita septrini, ndiyo dawa kuu ya nokadia, na hapo ndipo inapozuka imani kwamba anayeimeza kila siku kwa kinga hawezi kuupata ugonjwa huu. Dozi ya kinga ni ndogo kuliko ya tiba. Hupunguza hatari lakini haiiondoi, na wapo walioupata wakiwa wanaimeza.

Wengine huacha dawa mara kikohozi kinapotulia. Tiba huchukua miezi 6 hadi 12, na nokadia akiwa amesambaa hadi kwenye ubongo na kuleta jipu la usaha, haipungui mwaka mzima. Jipu la ubongo linaweza kukua kimya bila kichwa kuuma wala kiungo kulegea, na ndiyo maana mwenye kinga dhaifu aliyethibitika kuwa na nokadia mapafuni hupigwa picha ya kichwa hata kama analalamikia kifua tu.